Nyota Aliyoitwanga Mama

Siku ya soko Matongo, katikati ya makelele ya wachimbaji dhahabu na bodaboda, Akello alimkanyaga Nyangwine mguu. Akello alivaa gauni la njano na mabuti ya shamba.

"Dada, mguu huo bado nautumia."

"Pole, kaka. Unaujua mwamba wenye michoro ya kale?"

Nyangwine aliujua kuliko alivyotaka. Ulikuwa nyuma ya boma lao, na akampeleka.

Watu wa kale walichonga duara lililomegwa upande mmoja, na vishimo vimelizunguka. Akello, msomi wa mambo hayo, alisema ni jua lililopatwa, pamoja na nyota zilizotokea mchana. Wiki zikapita, simu za usiku kucha kati yao zikaanza. Jioni moja Akello alikipapasa kishimo kikubwa juu ya duara.

"Hii ni nyota ya jioni, mpenzi. Ndiyo inayothibitisha kila kitu."

Nyangwine akanyamaza. Kishimo kile alikitoboa marehemu mama yake, akitwanga humo mawe ya dhahabu mpaka vumbi likammaliza kifua. Tangu azikwe, kila jioni Nyangwine husikia mtwango mwambani. Lakini angesema ukweli, Akello angefunga mizigo. Mapenzi yalimfanya mwoga, na mimi simlaumu.

Shangazi yake Ghati ndiye aliyeipasua siri hiyo, alipokuja kusalimia na kukionyesha kile kishimo. "Hapa ndipo wifi yangu alipokuwa anatwangia mawe ya dhahabu."

Akello akahamia kijiji cha Kisaka siku hiyo hiyo. Nyangwine akampigia simu.

"Ulinidanganya, Nyangwine."

"Nilinyamaza tu. Niliogopa utaondoka."

"Haya, nimeondoka."

Ilipofika siku iliyotabiriwa ya jua kupatwa, Akello alirudi. Kazi ni kazi, alisema, bila kumtazama.

Alasiri jua likaanza kumegwa. Baridi ikashuka, ng'ombe wakageuka kwenda nyumbani wenyewe. Giza lilipozidi, nyota moja ikatokea juu ya jua. Akello akatazama mbingu, akatazama mwamba. Nyota ilikaa juu ya jua pale pale kilipokaa kishimo cha mama juu ya duara.

"Nani alimwambia mama yako atwange hapa?"

"Hakuna. Alipapenda tu."

Ndipo ikasikika kutoka mwambani: du, du, du. Taratibu, kama mtu asiye na haraka. Akello akamshika mkono kwa nguvu.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Kila jioni. Nilidhani nasikia peke yangu."

Jua likaanza kurudi, na mtwango haukukoma. Akello hakuuachia ule mkono.

"Basi kanitolee mahari kwetu," alisema. "Hutasikiliza tena peke yako."