Kontena Tupu la Bwana Najua

Kontena lilikuwa tupu, lakini liligongwa kutoka ndani.

Dereva alisikia kugongwa huko alipokuwa akilitoa ghalani kulirudisha bandarini, safari ya dakika ishirini tu. Wenzake walimwita Bwana Najua, na hawakuwa wakimsifu. Madereva wana desturi yao: kabla ya kufunga kontena tupu unalifagia, unapiga hodi mara tatu, unasubiri. Yeye alisema hodi ni ya waoga. Hata nyumbani kwake hakupiga hodi wala kumsalimia mkewe. Aliingia akiuliza chakula kiko wapi.

Akaongeza sauti ya redio. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa kwenye kebini, na nyuma ya kiti mtu akaanza kuimba kwa sauti ileile ya dereva, ila huyu alikuwa na adabu ya kukohoa kwanza.

Yadini bandarini kreni ikashindwa kuinua kontena hilo tupu. Msimamizi akamwambia likibaki hapo hadi adhuhuri, arudishe funguo za lori. Mama mfagiaji wa yadi akamvuta kando.

"Umemfungia mwenyewe wa humo ndani bila hodi, mwanangu," alinong'ona. "Ingia umwombe radhi. Usipomwomba, atatoka yeye ubaki wewe."

"Nikaombe radhi bati?"

Akaingia hata hivyo, maana kazi aliipenda. Mlango ukajivuta nyuma yake, joto likamkaba, na kwenye kona kitu kikawa kinapumua pamoja naye, kikinyamaza alipobana pumzi, kikimsogelea hatua kwa hatua mpaka akahisi shavu likigusa shavu lake, lenye ndevu zake mwenyewe, naye, mpumbavu yule, akatema mate akasema, "Toka, mshenzi wewe."

Kikatoka. Kreni ikainua kontena bila shida.

Jioni dereva alipiga hodi kwake, akamsalimia mkewe, akaenda kuosha vyombo. Mama mfagiaji akaja mbio kumweleza mke kwamba yule siye. Mumewe alikuwa anagonga ndani ya kontena, nalo lingepakiwa melini kesho, na asingeweza kulifungua mtu yeyote ila wa nyumbani kwake.

Mke aligeuka kutazama jikoni.

"Linapakiwa saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saa nne asubuhi."

"Basi mama, nipitie saa tano."