Mtutu Uliokataa Vipimo

Mara ya kwanza mtutu ulikuwa na urefu wa sentimita sabini na moja. Mara ya pili, sabini na moja na nusu. Fundi bunduki aliweka chini futi yake ya chuma, akafuta miwani, akapima tena. Sitini na tisa.

"Haiwezekani," alisema.

Mtaani walimwita Mara Tatu, kwa sababu hakuwahi kutia saini cheti cha thamani kabla vipimo vitatu havijalingana. Kwa miaka thelathini hakuna silaha iliyotoka katika karakana yake, chumba kimoja nyuma ya nyumba, bila kupewa asili, umri na thamani yake. Hii ilikuwa siku ya nne, na alikuwa hajaandika hata neno moja.

Ilikuwa bunduki ya marisau yenye mtutu mmoja. Kinyundo cha kufyatulia risasi kilikuwa upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili angekiweka. Kitako kilichongwa kwa mti ambao Mara Tatu hakuufahamu. Chapa haikuwepo, si ya kiwanda wala ya mhunzi. Vitabu vyake vyote vilikuwa wazi sakafuni, na vyote vilikuwa bure. Mdomo wa mtutu ulizibwa kwa kitambaa cheusi kilichoshindiliwa na kumiminiwa nta.

Mwenye bunduki, mshonaji aliyeirithi kwa baba yake, alifika asubuhi hiyo kuulizia. Ofisi ya leseni ilimpa hadi Ijumaa alete cheti; bila cheti, bunduki ingeyeyushwa.

"Fundi, andika thamani yoyote. Hata ya chuma chakavu."

"Mama, mimi siandiki yoyote."

"Basi andika unachokiona. Ila kitambaa usikiguse. Baba alikiziba mwenyewe, akatuambia kilichomo kisipewe pumzi. Ndiyo maana sitaki waiyeyushe. Kitatoka."

"Kilichomo ni kutu."

"Kutu haimtoi mtu jasho vile, fundi. Nilimwona baba siku aliyoiziba."

"Mimi nikija kwako sikufundishi kushona, mama."

Mshonaji akaondoka. Fundi akapima. Sabini na nne. Aliitupa futi ukutani.

"Umeanza kugombana na vyuma?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Chuma hiki kina kiburi!"

"Kimepata mwenzake basi."

Hakucheka. Aliamini kosa lilikuwa la kile kitambaa, kwamba nta ilikuwa inaitelezesha futi. Alikichomoa kwa koleo. Kilitoka kwa shida, kirefu kuliko alivyotegemea, chenye joto. Alihakikisha hakuna risasi, akautenganisha mtutu na kitako. Kisha akafanya alichokifanya kwa kila bunduki tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi: aliweka midomo kwenye tundu la nyuma, akapuliza vumbi litoke.

Vumbi halikutoka. Pumzi yake iliingia na haikufika upande wa pili, na alipotaka kuondoa midomo mtutu ukawa unavuta, taratibu, kama mtu anayekunywa chai ya moto, ukamnyonya mpaka mbavu zikamuuma na meza ikaanza kufifia machoni pake, halafu ukaacha, na kabla hajageuza uso pumzi ile ikarudi, nzito, yenye harufu ya baruti iliyolipuka sasa hivi, ikapita ulimini, ikateremka kooni, ikatulia.

Alikohoa hadi machozi. Kisha, kwa mazoea, akaokota futi.

Sabini. Sabini. Sabini.

"Si nilisema!" alipiga meza. Kabla ya adhuhuri cheti kilikuwa tayari, kimetiwa saini.

Mezani mkewe aliacha kula. "Umevuta nini?"

"Sijavuta kitu."

"Unanuka baruti. Na hiyo sauti?"

Alisogea karibu. Kila mumewe alipovuta pumzi, ndani ya kifua kulisikika mlio mkavu wa kinyundo kinachovutwa nyuma. Kila alipoitoa, kililegezwa. Kijiko alichokitoa mdomoni kilikuwa cheusi.

Mke hakubishana naye. Alimwita mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi asiyependa maneno, naye akafika wakati mshonaji anapokea cheti chake.

"Fundi," mshonaji alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye mtutu uliokuwa wazi. "Ulipuliza?"

"Kila bunduki napuliza."

Mganga aliutwaa mtutu. Aliutegea sikio, akaunusa, akatia kidole, akakaa hivyo kwa muda mrefu huku wote watatu wakisikiliza kile kifua kikivuta na kulegeza.

"Humu hamna kitu," alisema mwishowe. "Ni safi."

"Niliwaambia," fundi alisema, na neno lile likatoka na moshi mwembamba mweupe.

Mganga aliurudisha mtutu mezani polepole. "Kile kitambaa kiko wapi?"

Mke alikiokota chini ya meza. Kilikuwa bado na joto. "Hiki hapa," alinong'ona. "Cha kuziba nini, kama mtutu hauna kitu?"

Mganga alikuwa akiutazama mdomo wa fundi.

Kifuani, kinyundo kilivutwa nyuma. Walisubiri kilegezwe. Hakikulegezwa.