Barafu Nyembamba Juu ya Pampu

Kila asubuhi Lavonne Sedlacek aliamka kabla ya kupambazuka, akachemsha kahawa, akasikiliza pampu. Pampu ilikaa katika kibanda cha mabati nyuma ya mazizi ya nguruwe. Ilisukuma hewa kupitia bomba mpaka chini kabisa ya bwawa lao la samaki, na hewa ikapanda juu kwa mapovu. Bila hewa hiyo kambare wangekufa. Barafu ikifunikwa na theluji nzito, mwanga haupenyi, na maji yaliyo chini yake hukosa hewa. Kwa hiyo pampu ilinguruma mchana na usiku, majira yote ya baridi.

Delmar, mume wake, alifia katika bwawa hilo mwaka uliopita. Alitoka asubuhi akiwa na keekee ya kutobolea barafu na ndoo ya njano. Alikwenda kuvua kambare wa karamu ya Ijumaa za Kwaresima, ambako parokia nzima hula samaki ukumbini. Lavonne alimwambia mlangoni, "Usiniletee vidagaa. Watu wa kanisa wana njaa." Delmar alicheka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Lavonne alipotazama tena dirishani aliona ndoo juu ya barafu, na mbele ya ndoo, tundu jeusi.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ni bahati mbaya. Wengine walinong'ona kwamba alikuwa amelewa. Lavonne alijua kwamba hakunywa kitu ila kahawa. Kilichomkosesha usingizi ni jambo moja. Pale kando, Delmar alipotoboa kupima, barafu ilikuwa na unene wa inchi tisa. Barafu ngumu ya namna hiyo hubeba gari dogo. Ilikuwaje ikashindwa kumbeba mtu mmoja? Hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Aliogopa kuambiwa kwamba ni yeye aliyemtuma.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili alishika kikombe cha kahawa, akasikiliza. Kimya.

Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, akatoka. Darin, mwanawe, alikuwa kwenye kibanda akinoa visu vya keekee. Darin alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa shamba lote lilikuwa mikononi mwake.

"Pampu imeharibika?" Lavonne aliuliza.

"Haijaharibika, mama. Nimeizima jana jioni."

"Umeizima kwa nini?"

"Ili barafu ijifunge. Kwaresima imefika. Padri ameniuliza kama akina Sedlacek wataleta kambare mwaka huu."

"Mwambie akina Sedlacek wamekwisha kutoa."

Darin aliweka kisu chini. "Mama, baba alikuwa akiizima hivi hivi, siku chache kabla ya kuvua. Babu pia. Nitakuwa mwangalifu."

"Baba yako hakuwa mwangalifu?"

"Basi niambie alikosea wapi! Mwaka mzima hakuna anayesema. Tukikaa mezani tunazungumza habari za nguruwe tu. Alikosea wapi?"

Lavonne alirudi ndani, akampigia simu Twyla Broz.

Twyla aliishi ng'ambo ya barabara. Alifuga ng'ombe, na tena alikuwa katika kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha mji wao. Ni yeye aliyelala kifudifudi kwenye barafu akamvuta Delmar kutoka majini. Tangu siku hiyo alikuwa hajaingia nyumbani kwa Lavonne. Baada ya mazishi alileta bakuli la viazi na nyama, akaliacha mlangoni, akaondoka.

Sasa alikuja mara moja. Alibeba mtaimbo mrefu uliofungwa kamba.

"Hakuna anayekanyaga bwawa," alisema hata kabla ya salamu. "Njooni gatini."

Walisimama watatu kwenye gati dogo la mbao. Bwawa lilikuwa jeupe kwa theluji ya usiku, tambarare, kama shuka lililotandikwa. Twyla aliurusha mtaimbo karibu na ukingo, kwa nguvu. Ulidunda. Aliurusha tena mahali hapo hapo. Ulichimbua vipande vya barafu, lakini haukupenya.

"Barafu nzuri," alisema Darin.

"Nzuri. Sasa tazama kule mapovu yalikokuwa yakitokea."

Aliurusha hatua chache mbele ya gati. Mtaimbo ulipita kana kwamba hapakuwa na kitu. Maji meusi yalipanda juu ya theluji, yakaenea.

Twyla aliuvuta mtaimbo kwa kamba.

"Pampu ikifanya kazi, mapovu yanaacha tundu wazi. Unaliona, unalikwepa," alisema. "Ukiizima, tundu linajifunga kwa utando tu. Kisha theluji inaanguka juu yake. Theluji ni kama blanketi, inazuia baridi kushuka. Utando haupati unene tena. Ukitazama kwa juu, bwawa lote ni sawasawa. Kumbe pembeni ni inchi tisa na hapa haifiki mbili. Delmar alipima mara moja tu, pembeni."

"Lakini babu alifanya hivyo miaka yote," Darin alisema.

"Babu yako alikuwa na bahati miaka yote. Na siku zile baridi ilikuja mapema ikakaa. Siku hizi leo barafu, kesho matope."

Lavonne alikuwa akitazama yale maji. "Twyla, jirani yangu, niambie ukweli. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Ulimtuma kuvua. Hukumtuma kuzima pampu."

"Lakini ningenyamaza..."

"Angekwenda hata hivyo. Unamjua mwenyewe." Twyla alivuta pumzi. "Nilitaka kukueleza haya mwaka jana. Nilifika mpaka mlangoni kwako na lile bakuli, maneno yakanishinda. Nisamehe."

Darin aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba alijua kuogelea. Kwa nini hakutoka?"

Twyla alimtazama Lavonne. Lavonne aliinamisha kichwa kukubali. Alitaka kusikia.

"Maji ya namna hii yanakukaba pumzi kwanza," Twyla alisema. "Unahema ovyo kwa dakika moja hivi. Mtu akiingiwa na hofu hapo, anameza maji. Akitulia, pumzi inarudi. Halafu ana kama dakika kumi ambazo mikono yake bado inamtii. Dakika kumi ni nyingi, Darin, ukijua la kufanya. Unageuka ulikotoka, kwa sababu huko barafu ilikubeba. Unapiga miguu kama unaogelea, unapanda kwa tumbo. Husimami. Unabiringika mpaka ufike mbali."

"Na baba?"

"Tuliiona barafu aliyoivunja. Alikuwa anakuja huku, gatini, kwa sababu gati lilikuwa karibu. Lakini huku ndiko kwenye utando. Kila aliposhika, pakavunjika. Ile nene ilikuwa nyuma yake."

Lavonne alishika nguzo ya gati. Hakulia.

Kisha alisema, "Darin, washa pampu."

Siku hiyo hiyo walichomeka miti kuzunguka bwawa, wakafunga kamba na vitambaa vyekundu. Twyla alisema bwawa lenye pampu halikanyagwi wakati wa baridi, pampu iwe imewashwa au imezimwa jana. Kambare wa Delmar watavuliwa kiangazi, kutoka gatini.

"Na samaki wa kanisa?" Darin aliuliza.

"Jumamosi tunakwenda ziwa la kaunti. Kule hakuna pampu," Twyla alisema. "Kuna mambo mengine ya kuua mtu, lakini nitakuonyesha."

"Mimi naenda pia," alisema Lavonne.

Jumamosi alfajiri walifika ziwani. Twyla aliwavalisha majaketi ya kuelea juu ya makoti. Kila mmoja alimning'inizia shingoni vishikio viwili vya mbao vyenye ncha za msumari, vya kung'ang'ania barafu kama mtu ametumbukia. Kisha akamfunga Darin kamba kiunoni.

"Shangazi Twyla, umenifunga kama ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe ana bei. Wewe bado hatujajua."

Lavonne alijikuta ametabasamu. Kisha akaona aibu kutabasamu, akageuka upande.

"Wewe utakaa ufukweni," Twyla alimwambia. "Una simu, na una kamba hii ya kurusha. Mmoja wetu akizama, piga simu kwanza, kisha rusha kamba. Usimfuate. Hata akiwa mwanao. Umenielewa?"

"Usiniambie hivyo."

"Ninakuambia hivyo. Ukimfuata, tutavuta wawili."

Lavonne alikubali kwa kichwa.

Twyla alitangulia, Darin akafuata kwa mbali, uzito wao usikae mahali pamoja. Kila baada ya hatua chache Twyla aligonga kwa mtaimbo, na mara kwa mara alitoboa na kupima. Alimwonyesha Darin barafu angavu, yenye rangi ya samawati, ambayo ikiwa na inchi nne humbeba mtu anayetembea. Alimwonyesha na barafu nyeupe, yenye theluji na mapovu ndani yake. "Hii nguvu yake ni nusu. Ukiiona, dai unene maradufu."

Walitoboa juu ya mkondo wa zamani wa kijito, ambapo ziwa lina kina kirefu. Wakati wa baridi kambare hukusanyika mahali kama hapo, wakakaa pamoja bila kuzunguka sana. Twyla alishusha kifaa chake cha kuonyesha samaki. Kioo hakikuonyesha kitu. Wakahama, wakatoboa tena. Hakuna kitu. Wakahama tena.

"Sisi ni wavuvi au wachimba visima?" Darin alilalamika, jasho likimtoka.

"Kambare wa baridi hakufuati, unamfuata. Ungekaa pale pa kwanza ungevua mafua."

Katika tundu lililofuata kioo kilijaa mistari mizito chini kabisa. Twyla alichomeka kichwa cha samaki mdogo kwenye ndoana yenye chubwi, kipande cha risasi cha kuizamisha, akaishusha, akaiacha ikining'inia juu kidogo ya tope.

"Inue taratibu, ishushe, tulia. Hatavuta kwa nguvu. Utahisi uzito tu, kama mtu ameshika mshipi anakufikiria."

Darin alisubiri. Ncha ya ufito wa kuvulia ikainama kidogo tu. Alivuta. Ufito ulipinda, na baada ya mvutano mrefu kichwa kipana chenye masharubu kikatokeza tunduni. Darin alimshika samaki nyuma ya miiba ya mapezi, kama baba yake alivyomfundisha alipokuwa mdogo.

Walivua wengine kadiri jua lilivyopanda. Wadogo waliwarudisha, na wakubwa sana pia, kwa sababu kundi lililokusanyika pamoja ni rahisi kulimaliza. Kisha samaki wakaacha kula. Darin alitazama upande wa bata bukini waliokuwa wametulia juu ya barafu, karibu na mahali kijito kinapoingia ziwani.

"Nijaribu kule," alisema, akaondoka na mtaimbo kabla Twyla hajamjibu.

Ufukweni Lavonne alimwona. Aliona mwanawe anakwenda mbele, mgongo wake mpana kama wa Delmar, mwendo ule ule. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya simu.

Darin aligonga, akaenda. Aligonga, akaenda. Kisha mtaimbo ukazama mpaka mkononi mwake.

Alisimama. Barafu ililia chini ya miguu yake. Alilala kifudifudi polepole, akatandaza mikono na miguu, akatambaa kinyumenyume juu ya nyayo zake mwenyewe. Twyla alikuwa ameishika kamba, anaivuta taratibu, anasema, "Vizuri. Usigeuke. Njoo ulikotoka."

Alipofika penye barafu nene alikaa kitako, anahema.

"Kijito kinakula barafu kwa chini," Twyla alisema. "Na bukini kwa kuogelea walizuia maji yasigande hapo wiki nzima, yameziba jana au juzi. Nilikuwa nikuambie, lakini miguu yako ina haraka kuliko masikio."

"Sikuona tofauti yoyote. Palikuwa peupe tu."

"Ndiyo maana tuna mtaimbo."

Kambare walitosha kwa karamu ya Ijumaa, na wawili walibaki kwa nyumbani. Padri aliposikia, alimwomba Twyla afundishe ukumbini baada ya kula. Alizungumza juu ya mtaimbo, vishikio na pampu, mbele ya watu ambao sahani zao zilikuwa bado na mifupa. Wiki iliyofuata miti yenye vitambaa vyekundu ilionekana kwenye mabwawa mengine mawili ya barabara ile.

Lakini jioni ile ya Jumamosi walikuwa wawili tu. Darin aliwachuna kambare kwa koleo. Lavonne aliwapaka unga wa mahindi, akawakaanga, akaweka sahani mbili mezani. Walikaa. Darin hakuchukua uma.

"Mama. Kama baba angejua haya tunayoyajua, angekuwa hai?"

Lavonne angeweza kumwambia kwamba ni Mungu ndiye ajuaye. Watu wengi walikuwa wamemwambia yeye hivyo, na jibu hilo halikumsaidia hata mara moja.

"Ndiyo," alisema. "Angekuwa hai."

Darin alifunika uso kwa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilia mbele ya mama yake. Lavonne alisogeza kiti karibu naye. Alimwacha alie mpaka mwisho, kisha akampashia moto samaki wake.