Unga wa Mkia Mfupi

Kila Jumamosi asubuhi Jerop alifua sare yake ya shule, akaianika kwenye ua wa nyuma, kisha akafuatana na baba yake kwenda maabara. Walikuwa wakiishi wawili tu mjini Kitale. Mama yake, Mwalimu Jepkosgei, alifundisha shule ya msingi huko Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, na alikaa huko na Kimutai, mdogo wake Jerop mwenye umri wa miaka sita. Familia ilikutana shule zilipofungwa.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu karibu na stesheni ya reli, iliyokodiwa na watafiti. Kipkemboi, baba yake Jerop, alikuwa mwanakemia. Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa maana mwaka ule wa 1991 klorokwini, dawa iliyotegemewa na kila mtu, ilikuwa imeanza kushindwa. Watoto walimeza vidonge, homa ikashuka, kisha ikarudi kali kuliko mwanzo.

Siku moja Jerop alimuuliza, "Baba, dawa mpya hutengenezwaje?"

Baba alichukua punje za mahindi mabichi na njiti za kiberiti. Akazichomeka pamoja mpaka zikafanana na mdudu mwenye mkia mrefu.

"Tuseme hii ni molekuli moja ya dawa," alisema. "Molekuli ni kitu kidogo mno, hata hadubini yangu haiioni, lakini imejengwa hivi hivi, kipande kwa kipande. Hii ya zamani vijidudu vya malaria vimeizoea. Basi mimi nabadilisha kipande kimoja." Akang'oa punje mbili za mwisho. "Sasa ina mkia mfupi. Nitaipima nione kama inaua vijidudu. Ikishindwa, nitabadilisha kipande kingine."

"Na ikiweza?"

"Ikiweza ndipo kazi inapoanza. Inaweza kuua vijidudu na kumuua mgonjwa pia. Ukibadilisha punje moja, tabia yake yote inabadilika."

Jerop aliyasikia yote, lakini yaliyomkaa moyoni ni yale ya vijidudu kufa.

Mwishoni mwa Julai, Baba alirudi nyumbani akiimba. Panya weupe aliowaambukiza malaria na kuwapa unga wa mkia mfupi walikuwa wakila na kukimbia, na damu yao ilikuwa safi. Jerop hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipomwona baba yake akicheka mezani. Alimpakulia ugali, akamsikiliza, na mawazo yake yakaenda Kibabii. Tangu Pasaka, Kimutai alikuwa ameugua malaria mara mbili. Mara ya pili alipata degedege mikononi mwa Mama.

Jumamosi iliyotangulia kufungwa kwa shule, Baba aliingia chumba cha panya na kuacha wazi droo alimoweka unga wa mkia mfupi. Jerop alikuwa akifanya hesabu dirishani. Aliijua amri ya mahali pale: asiguse kitu chochote. Hata hivyo alisimama, akafungua chupa ya ule unga, akauchota kwa ncha ya rula na kuufunga kwenye karatasi. Hakujiona mwizi. Alijiona kama mtu aliyebeba mwavuli kwa sababu ameona mawingu.

Shule zilipofungwa alisafiri hadi Kibabii, akamwacha Baba kazini; huko aliikuta mvua, na Kimutai kitandani.

"Homa imeanza jana," Mama alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimempa klorokwini. Tungoje."

Walingoja. Homa haikushuka. Mama alipokwenda kutafuta maziwa kwa jirani, Jerop alikoroga unga kidogo katika uji, akaongeza sukari, akamwinua mdogo wake. Kimutai alikunja uso, lakini alikunywa. Jerop alirudia jioni, na asubuhi iliyofuata, na jioni tena.

Homa ikashuka. Kimutai aliketi, akaomba ndizi. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, akisema homa hatimaye imesikia klorokwini. Jerop aliinama juu ya sufuria aliyokuwa akiisugua ili tabasamu lake lisionekane. Aliwaza jinsi atakavyomwambia Baba siku moja, na jinsi Baba atakavyoshangaa. Kwa kuwa unga ulikuwa umebaki, aliendelea kumpa.

Kisha Kimutai akakataa chakula. Akatapika. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, na Mama alipomgeuza upande wa dirishani aliona kwamba weupe wa macho yake umekuwa manjano. Walimfunga shuka, wakampeleka hospitali mjini Bungoma.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa, wengine wakilala wawili wawili kitanda kimoja. Daktari Wepukhulu, mwanamume mrefu aliyeongea taratibu, alimpima Kimutai tumbo kwa vidole.

"Ini limevimba," alisema. "Mwalimu, mtoto amepewa dawa gani?"

"Klorokwini tu, na vidonge vya kutuliza homa."

"Hakuna nyingine? Hata miti shamba?"

"Hakuna, Daktari."

Daktari alimtazama Jerop pia. Jerop alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Alitazama sakafu, na daktari akapita kwenda kwa mgonjwa mwingine. Kimutai akawekewa maji ya mshipa, akaandikiwa kwinini, na vile vidonge vya kutuliza homa akaendelea navyo.

Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Kimutai alilala tu, na akiitwa aliitika kama mtu aliye mbali. Kwenye kitanda cha pili alilala msichana mdogo kutoka Sirisia, akiuguzwa na bibi yake. Naye malaria ilikuwa imempanda kichwani. Bibi alikuwa akimpangusa uso kwa kitambaa, akimsemesha kwa Kibukusu bila kuchoka. Mama, katika kuongea ili asilie, alimwambia kwamba baba ya watoto wake yuko Kitale akitafuta dawa mpya ya ugonjwa huu huu. Kisha alitoka kwenda kutafuta chai.

Bibi alisogea karibu na Jerop, akanong'ona.

"Mjukuu wangu, nimesikia ati baba yenu anatengeneza dawa ya malaria. Si mnipatie hata kidogo ya huyu mtoto? Hii ya hapa imekataa."

Mkono wa Jerop uliingia wenyewe mfukoni. Karatasi ilikuwa mle, na unga ulikuwa umesalia. Alimtazama yule msichana, midomo yake iliyopasuka na vidole vilivyokuwa vikikwaruza shuka. Kisha akageuka, akayatazama macho ya Kimutai yaliyokuwa nusu wazi. Swali alilolikimbia tangu Kibabii lilikuwa mbele yake sasa, na hakuwa na pa kulikimbilia. Kama ni dawa, mbona alikuwa akiogopa kumpa mtoto huyu?

"Siwezi, Nyanya," alisema.

"Ni kwa sababu hatujuani?"

"Hapana. Ninayo hapa mfukoni. Nilimpa ndugu yangu kwa siri. Muone alivyo."

Bibi aligeuka. Alimtazama Kimutai kwa muda, kisha akamshika Jerop mkono kwa nguvu, bila hasira.

"Enda kwa daktari," alisema. "Enda sasa hivi, mtoto wangu. Usingoje mama yako."

Jerop alimkuta Daktari Wepukhulu kwenye varanda, akamwekea karatasi kiganjani na kumweleza yote. Daktari aliikunjua karatasi, akauangalia unga.

"Nilipouliza jana ulikuwa umesimama pale."

"Niliogopa."

"Najua. Lakini tumempoteza siku nzima." Hakupandisha sauti, na Jerop aliona afadhali angempigia kelele.

Daktari alipiga simu Kitale. Jerop alisimama kando akisikia sauti ya baba yake ikitoka kwenye mkonga wa simu, ndogo na ya mbali. Alipoelezwa, Baba aliuliza mara mbili mtoto amepewa kiasi gani. Hatimaye alisema kwamba Jumatatu aliwapasua wale panya, na maini yao yalikuwa yameharibika. Ile molekuli ya mkia mfupi alikuwa ameshaiacha.

Daktari alirudi wodini karibu akikimbia. Alisimamisha vidonge vya kutuliza homa, kwa kuwa navyo huelemea ini, akapunguza kwinini, akaagiza maji yenye sukari na kumweka muuguzi kando ya kitanda. Mama aliporudi na chai, Jerop alimwambia mwenyewe. Mama hakumpiga wala kumkemea. Aliondoa tu mkono wake begani mwa Jerop, akaketi upande wa pili wa kitanda.

Baba aliwasili asubuhi. Wakati huo kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Msichana wa Sirisia alikuwa ameaga dunia kabla ya mapambazuko, na bibi yake aliondoka akiwa amebeba kile kitambaa na kikombe cha bati. Alipompita Jerop aliuliza hali ya Kimutai, na aliposikia kwamba ameomba maji, alitikisa kichwa kuitikia, akaenda zake.

Kimutai alipona, lakini polepole. Umanjano uliisha machoni, nguvu zikachelewa kurudi, na muhula wote wa tatu hakuenda shule. Siku alipoweza kuketi, Baba alimchukua Jerop nje, wakakaa kwenye ngazi za wodi.

"Leo narudi Kitale," Baba alisema. "Nitawaeleza wakubwa wangu kila kitu. Droo niliiacha wazi mimi."

"Watakufukuza?"

"Huenda."

"Daktari hawezi kunyamaza? Na sisi tunyamaze. Kimutai si amepona?"

Baba alimtazama, na Jerop akaona jinsi uso wake ulivyokonda.

"Nikinyamaza, mtu mwingine ataitengeneza molekuli hii, aone panya wakikimbia, afurahi kama nilivyofurahi mimi. Sasa tunajua inachofanya kwa mtoto. Tumelijua kwa njia mbaya, lakini hatuna ruhusa ya kulificha." Akamgeukia. "Ulimpenda ndugu yako, sina shaka. Lakini unga haukuwa dawa kwa sababu ulimpenda. Dawa tunaipima miaka na miaka, na watoto kama yule wa Sirisia wanakufa tukiendelea kupima. Hilo linaniuma kila siku. Hata hivyo hakuna njia fupi. Na ukikosea, jambo la kwanza ni kusema, siku hiyo hiyo, maana mgonjwa hawezi kungoja uache kuogopa."

Jerop alilia, na Baba hakumzuia.

Maabara ilifungwa hadi mwaka uliofuata, na Baba akapelekwa kufundisha kemia katika shule ya upili. Lakini jioni ile walipozungumza kwenye ngazi, kabla hajaondoka kwenda Kitale, Baba alisimama mlangoni mwa wodi akiwatazama. Jerop alikuwa ameketi kitandani, akimweleza Kimutai, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka sita angeweza kuyaelewa, ni nini alichomtilia ndani ya uji.