Konokono wa Jaruba la Chini

Kila asubuhi kabla ya shule Garam alikuwa na kazi moja tu, nayo haikuzidi dakika kumi. Ashuke kwa baiskeli hadi jaruba la chini la mpunga, aingie hadi kwenye tuta linalozuia maji, atazame kama maji yanafika kwenye alama ya kijiti, kisha arudi amwambie bibi yake. Magoti ya Bibi yalikuwa yameshaushindwa mteremko ule. Na maji hayo hayakuwa jambo la mchezo, kwa sababu mpunga wa Bibi haukupaliliwa kwa dawa, ulipaliliwa na konokono wa majini. Konokono hao hula magugu machanga yaliyozama. Maji yakipungua, magugu huchomoza juu, yakakomaa, na konokono wakabaki kuyatazama tu.

Garam alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na uvivu wa mtu wa miaka hamsini. Aliona kuchungulia matope ni kazi ya kishamba. Kwa siku saba mfululizo alisimama barabarani, akatupa jicho moja huku akitafuna wali wake uliofungwa kwa mwani, akarudi na kusema, "Maji yapo, Bibi." Siku ya nane upepo ulimpeperushia kofia, akalazimika kushuka kuifuata. Akakuta maji yamebaki vidimbwi na magugu yamemfikia magotini. Mkunga wa matopeni, samaki mrefu kama nyoka, alikuwa ametoboa tuta. Garam akavaa kofia yake, akaenda shule, na jioni akasema tena kwamba maji yapo.

Wiki hiyohiyo kijiji cha Solmae kilikuwa kikingoja wageni tisa, wakulima kutoka nchi za Asia na Afrika, waliokuwa wakija Korea kujifunza namna ya kupata chakula cha kutosha bila kuiua ardhi. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Pyo, alikuwa hashikiki. Alitundika mabango matatu, yote yana sura yake. Alitafuta mkasi wa kukatia utepe, ingawa hapakuwa na kitu chochote cha kuzindua. Huyu bwana alijua sana kupigwa picha shambani. Kulima alishasahau miaka mingi.

Alipoyaona yale magugu, zikiwa zimebaki siku tatu wageni wafike, hakumuuliza mtu. Alingoja Bibi aende mjini kutibiwa magoti, akabeba bomba mgongoni, akapuliza jaruba zima dawa ya kuua magugu. Garam, akitoka shule, alimkuta hapo. Mwenyekiti hakuona haya hata kidogo.

"We binti, mimi na wewe tunajuana," alisema. "Wewe hukutazama maji, na mimi sijapuliza kitu. Tumeelewana?"

Garam akaitikia kwa kichwa. Alimdharau mzee yule kuanzia kofia mpaka viatu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na haki ya kumdharau.

Magugu yakanyauka, lakini konokono nao wakaelea kwenye vidimbwi, midomo wazi. Kwa hiyo asubuhi ya ugeni Mwenyekiti alileta ndoo ya konokono wa sokoni, wale wanaouzwa kwa ajili ya supu, waliokaa siku mbili kwenye barafu. Akawamwaga jarubani kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Kisha akampa Garam karatasi, maana yeye ndiye mwanafunzi aliyechaguliwa kuwakaribisha wageni, akamwagiza asome kwa sauti na atabasamu. Mstari wa tatu ulisema hivi: jaruba hili halijaonja sumu kwa miaka minne.

Miaka hiyo minne ilikuwa ya Bibi. Kabla ya kupewa kibao cha shamba lisilo na sumu, alikuwa amepalilia kwa mikono kiangazi baada ya kiangazi, na huko ndiko magoti yake yalikoishia. Garam alijua kwamba akisema ukweli, kibao kile kitang'olewa. Bibi, aliyeshikwa mkono kuteremka, alikuwa amekaa mstari wa mbele, nywele amezibana vizuri, anamtazama mjukuu wake kwa fahari.

Lakini kabla Garam hajafika kwenye maikrofoni, mgeni mmoja alikuwa ameshainama jarubani. Aliitwa Bi Perlita, mkulima kutoka Ufilipino, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyozoea tope. Kupitia kwa mkalimani alisema kwamba kwao konokono hawa hawa ni balaa, wanamaliza miche ya mpunga usiku kucha, na watu wanalala njaa. Alikuwa amesafiri mbali ili ajue Wakorea wanawazuiaje.

"Konokono wetu wana adabu," Mwenyekiti alisema, akacheka peke yake.

Bi Perlita hakucheka. Aliokota konokono mmoja, akambonyeza kwa kidole. Konokono hakujifunga ndani ya gamba lake. Akaokota wa pili, wa tatu. Akamnusa, kisha akamtazama Garam moja kwa moja, akauliza wamekufa kwa nini. Mwenyekiti akadakia kwamba ni jua. Jua lenyewe lilikuwa bado halijatoka mawinguni.

Garam aliitazama karatasi. Akaikunja.

"Ni mimi, Bibi," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani. "Sikuwa nashuka. Nilikuwa nasema maji yapo, na hayakuwepo. Magugu yakaota, Mwenyekiti akapuliza dawa, konokono wakafa. Hawa ni wa supu."

Mwenyekiti alianza kueleza habari za watoto wa siku hizi, lakini hakuna aliyemsikiliza, hata mkalimani hakujisumbua kutafsiri. Bibi aliinuka taratibu. Alikwenda hadi kwenye kibao chake, akakishika kwa mikono miwili, akaking'oa mwenyewe. Akamwekea Mwenyekiti mikononi.

"Kaa nacho," alimwambia. "Unapenda vibao."

Halafu akawaongoza wageni hadi jaruba la juu, ambalo halikuguswa na dawa. Huko aliwaonyesha kila kitu: miche inapandwa ikiwa imekomaa kiasi gani, shamba linasawazishwaje ili mpunga usizame na konokono wasiufikie. Aliwaeleza pia kwamba baridi ya Korea huua konokono wengi kila mwaka, na kwa hiyo nchi yenye joto isithubutu kuwaleta. Bi Perlita naye aliwaonyesha wanavyochimba vijifereji kwao ili konokono wakusanyike humo waokotwe kwa mkono. Kisha akashuka na Garam, akatafuta tundu la mkunga kwa kisigino, akamfundisha kulisindilia udongo mzito mpaka likaziba kabisa. Mchana walikula wote kwa Bibi, wali na kabichi iliyochachuliwa. Mwenyekiti hakuitwa.

Wageni walipoondoka, Garam alisimama mbele ya bibi yake, akaomba msamaha kwa ajili ya kibao.

"Kibao tutapalilia tena mpaka tukipate," Bibi alisema. "Wewe utapalilia, mimi nitakaa kivulini nikuelekeze. Hilo halinisumbui. Lakini sikiliza. Yule mama aliandika kila neno tulilosema. Ungesoma ile karatasi, angerudi kwao na kuwaambia wenzake kwamba konokono hawana shida, kazi ni kuwamwaga tu. Watoto wa umri wako wangekosa wali kwa sababu wewe hukutaka kuchafua viatu. Mtu akikuuliza habari za chakula, anakuuliza habari za maisha yake. Kama hujashuka ukaona, useme hujaona."

Garam akavitazama viatu vyake.

"Haya," Bibi akasema. "Maji yapo?"

"Sijui, Bibi," alisema Garam, akavua viatu na kushuka kwenda kutazama.