Aliyeamka Ubaoni

"Elfu sitini, daktari, si arobaini," alisema mke wa fundi viatu. "Kila kuzimia elfu ishirini, na kazimia mara tatu. Hesabu nimejifunzia sokoni, haniibii mtu."

"Ya tatu haihesabiki, dada. Nilimwahi kwa sindano."

"Ulimwahi nani? Hebu mtazame."

Fundi viatu alikaa kitini, tangu asubuhi hajapepesa macho. Alinuka nywele zilizoungua. Mtu aliyeshona soli kwa mkono wa kushoto maisha yake yote, leo alishika kikombe kwa kulia, akainywa chai inayotokota bila kupuliza.

"Dawa ikiisha mwilini atapepesa," daktari alisema. Ilikuwa dawa mpya ya kuamsha moyo, bado iko kwenye majaribio. Kuijaribu, daktari alimlipa mtu, akamfunga kwa mikanda kwenye ubao, akausimamisha ghafla mpaka damu ishuke miguuni na mtu azimie, ndipo amdunge.

"Baba watoto," mke alinong'ona, "twende nyumbani."

Zikamjibu sauti mbili katika koo moja. "Baba watoto alitoka. Nilikuta mlango wazi, nikaingia. Daktari huyu akaufunga kwa sindano."

Kabla daktari hajainuka, mkono wa kulia ulishamkaba, ukamtupa kwenye kabati la chupa, na muuguzi aliyekimbia kutoka chumba cha pili kumwokoa akapindwa mkono hadi mfupa ukalia kama kuni kavu, damu ikitapakaa ukutani, na ile harufu ikizidi, ikizidi, mpaka mke akanyanyua kigoda, akampiga mumewe magotini, akampiga tena, akamwangusha ubaoni na kukaza mikanda huku akilia.

"Simamisha," alimwambia daktari. "Safari hii mwache azimie mpaka kitoke."

Ubao ukasimama. Kichwa kikalegea. Kioo cha dirisha kikapasuka, na harufu ikakatika. Halafu, taratibu, vidole vya mkono wa kushoto vikacheza, vikatafuta vidole vya mkewe. Alikuwa yeye. Anarudi.

Lakini daktari, sikio kifuani pa mgonjwa, alisikia moyo ukififia, na mkono uliozoea kazi haukungoja akili. Ulidunga.

Macho yakafunguka. Vidole vya kushoto vikalala. Harufu ikarudi.

Daktari akachomoa noti kwa mikono yenye damu. "Sitini. Sitini kamili, dada. Chukua uende."

Mke hakuzitazama. Alifunga mlango kwa ndani, akaweka ufunguo kifuani.

"Nilikuletea mume," alisema. "Nipe mume wangu."