Vikopo vya Kitahana

"Tai, usiipoteze hiyo Hilux," kituo kilisema redioni.

"Naiona."

Immakulata, askari mpelelezi aliyeitwa Tai redioni, akavuta mafuta. Pikipiki yake ya Yamaha ikalia, vumbi jekundu la njia ya Kasulu likamjaa mdomoni. Hakulitema. Tangu amwache mdogo wake Fidele akikohoa damu kule Kitahana, hakuhisi kitu.

Fidele alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita. Dawa gani! Nusu dawa, nusu chaki, za magendo, na ugonjwa ukazidi kuwa sugu. Sasa kijiji kizima kilikuwa kimetoa makohozi ya kupimwa. Maabara ikiona ukweli, wauzaji wamekwisha. Wakivibadilisha vikopo njiani, Kitahana itaendelea kumeza chaki na kuzika.

Hilux ikasimama kijiji cha Busunzu. Akashuka mtu amevaa fulana ya mhudumu wa afya, mkononi kisanduku cha buluu cha barafu.

"Hapohapo, kaka," Immakulata alisema.

Bastola yake, Glock, ilishatoka.

"Aa, dada, vipi tena? Mimi Pasikali, napeleka sampuli Kasulu. Fungua uone."

Immakulata akafungua. Vikopo vimepangwa, majina yameandikwa. Hata cha Fidele kilikuwemo. Akainua redio.

"Kituo, mzigo huu wa bandia."

"Umejuaje?"

"Viko uchi."

Kitahana mtu hatembezi makohozi yake mbele za watu, ni aibu. Kina mama walikivika kila kikopo jani la mgomba, wakakifunga kwa kamba. Wahudumu wa kule wamezoea, wanavipokea hivyohivyo. Pasikali aliyatupa majani akidhani ni uchafu, akayanakili majina kwenye vikopo vya bandia.

Mkono wa Pasikali ukaenda kiunoni. Immakulata akamfyatulia risasi ya paja, akampokonya bastola, akamfunga pingu kwenye bampa. Chini ya kiti cha gari akakuta kisanduku kingine. Ndani, vikopo vingine havikuwa vimevuliwa majani bado, na vilivyovuliwa vilikuwa na makohozi ya kweli, mazito, yenye damu.

Simu ikaita. Mama.

"Mwanangu we... Fidele katutoka."

Hakulia. Alisubiri machozi, hayakuja.

"Nimesikia, mama."

"Basi kikopo chake kitupe. Cha nini tena?"

"Mama, mlikuwa mnalala naye chumba kimoja. Wewe na watoto wote."

Mama akaanza kulia.

"Nakipeleka, wajue dawa gani itawafaa ninyi," Immakulata alisema.

Akakifunga kisanduku cha pili nyuma ya Yamaha. "Kituo, mzigo wa kweli ninao. Tumeni watu wamchukue huyu hapa Busunzu."

"Uko salama, Tai?"

"Nipo."

Akawasha pikipiki, akaondoka polepole, akikwepa mashimo ili kisitikisike.